Glavu Nyeupe za Mfalme

Karakana ya Picha, Kasri
Jumatatu, 2 Juni

Dada,

Shikamoo. Baba mfikishie shikamoo yangu, lakini barua hii usimsomee. Ukiimaliza ifiche kwenye droo ya vifungo, kule ambako hana shida nako.

Ile picha kubwa ya marehemu Mfalme aliyoichora Baba imeshushwa ukutani. Watu wanane waliibeba na bado fremu iligonga mlango. Katibu wa kasri alinisimamisha mbele yake, akaniambia Mfalme mpya anataka picha yake iwe pale pale ilipokuwa ya marehemu baba yake, na ukubwa ule ule, kabla ya kutawazwa tarehe 21. Nikamwambia picha kama ile ni kazi ya mwaka mzima, na Baba ilimchukua mwaka na miezi minne. Akaniangalia kama mtoto anayelilia pipi. Akasema, "Nani amekwambia uchore nyingine? Hii ina joho, ina kiti, ina fimbo ya enzi. Badilisha kichwa."

Basi ndiyo hivyo, Dada. Kichwa tu, kama mtu anayebadilisha balbu.

Unajua picha ile ilivyotundikwa. Mwenye shida akiingia ukumbini anasimamishwa chini yake nusu saa nzima kabla hajaitwa, na macho yake yanafika kwenye viatu vya Mfalme. Akiinua uso anakutana na ile mikono miwili, mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye kiti, mikubwa kuliko kichwa chake. Mpaka aje aitwe, shida yenyewe imeshapungua nusu. Baba alikuwa akisema hiyo ndiyo kazi yetu pale, kupunguza shida za watu kwa kuwatisha.

Mfalme mpya alikuja kuiona mwenyewe. Aliganda kwenye mikono muda mrefu, halafu akamuuliza Katibu kwa nini mikono ya marehemu baba yake ina mishipa kama ya kibarua. Katibu akaniangalia mimi, mimi nikaangalia sakafu. Ikaamuliwa nimvalishe glavu nyeupe.

Kwa hiyo ni uso na glavu. Mengine yote yanabaki ya Baba. Najua ni vibaya. Lakini nikikataa, kuna wachoraji wawili hapa wananingoja niteleze. Bora mkono wangu kuliko wa mtu baki. Akikuuliza Baba nafanya nini siku hizi, mwambie naisafisha picha yake kama kila mwaka.

Mdogo wako,
Kidoti


Nyumbani
Ijumaa, 6 Juni

Kidoti,

Marahaba.

Barua iko kwenye droo ya vifungo, na mimi nimekuwa mwongo wa nyumba hii tangu jana. Baba aliuliza, nikasema unasafisha. Akauliza unasafishia nini, maji au mate. Nikasema mate. Akasema vizuri, mate ndiyo yanayofaa rangi ya mafuta. Nimeshona gauni la mteja mkono wa kulia begani kushoto, maana mimi nikidanganya cherehani nayo inadanganya.

Sasa nisikilize. Tulikwenda kwa daktari wa macho. Ile presha ya macho imekula jicho la kushoto lote. La kulia limebaki na kadirisha, anaona kitu kilicho mbele yake tu, upana wa sahani. Daktari hakuzunguka. Alisema dirisha hilo litafungwa, labda mwezi, labda miwili, na hakuna dawa ya kulifungua tena. Baba alimshukuru kama ameambiwa bei ya viatu.

Tulipotoka nje akaniambia anataka kitu kimoja tu kabla ya giza. Anataka kupelekwa ukumbini akaione ile picha. Nikamwambia Baba, miaka thelathini umeiona, umeichora mwenyewe. Akasema, "Sijaishiba."

Sikuelewa ni nini kisichoshibika kwenye uso wa mzee yule mwenye mashavu. Ila wewe unaelewa sasa umenifungia mzigo gani. Utaniambia nimjibu nini.

Unakumbuka kwa nini tulikupa jina hilo? Ulikuwa unadondosha rangi ya Baba nyumba nzima, kwenye mashuka, kwenye mkate, halafu unasimama na brashi mkononi unasema si wewe. Haya.

Dada yako


Karakana ya Picha
Jumanne, 10 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimesoma habari za macho nikakaa chini kwenye ndoo, na ndoo yenyewe ilikuwa na maji.

Uso umekwisha. Mfalme alikaa kwenye kiti dakika kumi na moja, nilihesabu kwa saa ya ukutani. Muda wote alikuwa anageuza shingo kuona nimefika wapi. Aliagiza kidevu kiongezwe na shingo irefushwe, nikaongeza, nikarefusha. Sasa anafanana na mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani, lakini amefurahi, na Katibu amenipa mkono mbele ya wale wawili.

Nikwambie jambo la kukupoza. Uso wa mzee sikuuharibu. Nilifanya vile Baba alivyonifundisha. Kabla hujafunika kazi ya mtu, ipake vanishi, uiache siku tatu ikauke kama kioo, ndipo uweke rangi yako juu. Siku yoyote akija mtu na pamba na tapentaini, yako inatoka na yake anaikuta nzima. Marehemu yuko chini ya mwanawe amelala salama. Mikono nayo nitaifanya hivyo hivyo, wiki ijayo.

Mwambie Baba avumilie mpaka kutawazwa kupite. Nitapata la kumwambia.

Kidoti


Nyumbani
Jumatatu, 16 Juni

Kidoti,

Usiiguse ile mikono. Kama umeshika brashi, iweke chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Leo nilikuwa namtia Baba dawa ya jicho, kichwa chake kiko mapajani mwangu. Nikamuuliza kwa utani, Baba, hivi ukishafika pale ukumbini utamwangalia nini yule mzee. Akageuza kichwa, dawa ikamtiririka sikioni. Halafu akasema yeye hamwendei mfalme. Anakwenda kumwangalia Mama.

Kidoti, ile mikono ni ya Mama.

Marehemu mfalme alikubali kukaa kwa ajili ya uso tu. Alisema mikono ni mikono, chukua ya yeyote. Kwa hiyo Mama akitoka kufua nguo za kasri saa kumi alikuwa anapita karakana, anakaa kwenye kile kiti cha enzi cha mbao za masanduku alichokitengeneza Baba, na badala ya fimbo ya enzi anashika mpini wa fagio. Wiki sita. Baba anasema walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Mishipa aliyoiona huyo Mfalme wako ni mishipa ya mtu aliyefua mashuka ya babu zake. Kidole gumba cha kulia kina ukucha uliopinda, ule uliobanwa na mashine ya kukamulia nguo. Baba aliuchora ulivyo. Aliweka rangi nene pale makusudi, ukipitisha kidole unausikia. Kila mwaka alipokuwa akipanda ngazi kuisafisha ile picha, alikuwa anapanda kumshika mkewe mkono.

Fikiria, miaka thelathini mawaziri wanaingia pale na suti zao wanaiinamia mikono ya mfua nguo. Baba anasema Mama alikuwa anasubiri siku ya kuwaambia. Ikatangulia ile homa.

Hatuna picha yake nyingine, unajua hilo. Mimi nilikuwa na miaka minane, namkumbuka kwa harufu ya sabuni na sauti. Wewe ulikuwa na miwili. Kwa nini hakutuambia? Nilimuuliza. Akasema kwanza ilikuwa siri ya kasri, baadaye ikawa ni yake peke yake na alikuwa mchoyo nayo.

Kama glavu haziepukiki, basi vanishi kwanza, siku tatu, kama ulivyoandika mwenyewe. Waombe. Piga magoti ikibidi. Barua hii nampa dereva wa gari la mikate, anafika kwenu kesho alfajiri na ameniahidi hataiacha getini, ataitia mkononi mwako.

Dada yako


Karakana ya Picha
Jumamosi, 21 Juni

Dada,

Barua yako nimeipata jana, Ijumaa. Sijui yule dereva ana nini. Inaelekea aliiacha getini, mlinzi akaitia kwenye meza yake na karatasi za wageni, na walinzi wenyewe wanabadilishana, wa Jumanne siye wa Jumatano, kwa hiyo ilikaa pale mpaka mwingine alipoikuta akatafuta jina. Glavu nilishazichora tangu Jumatano. Ningejua, Dada. Ningejua mapema ningefanya lolote.

Lakini usiwe na wasiwasi, nilipaka vanishi kwanza kama nilivyokwambia. Mama yuko chini pale hajaguswa. Siku moja mambo yakibadilika nitapanda na pamba nimtoe.

Picha imerudi ukutani. Kila mtu anaisifu, wanasema glavu zimempa heshima. Nimechoka, naandika kwa kifupi.

Kidoti


Nyumbani
Jumatano, 2 Julai

Kidoti,

Safari hii umesahau hata shikamoo. Barua zako zote nimezisoma tangu ulipoondoka hapa na sanduku la rangi, hujawahi kuisahau, hata ile uliyoandika ukiwa na malaria.

Nilimwambia Baba. Usinilaumu, siwezi kukaa na jambo lile na kijiko cha dawa kwa wakati mmoja. Nilimwambia uso umebadilishwa na mikono imevishwa glavu, na kwamba hukujua. Nilidhani ataumwa. Halafu akauliza swali moja tu, "Alipaka vanishi?" Nikamwambia alipaka, ameandika mwenyewe. Uso wake ukafunguka kabisa. Akasema basi hakuna kilichoharibika, mama yenu amevaa nguo ya ziada tu. Siku hiyo alilala mchana kama mtoto.

Sasa ndiyo amepata nguvu ya kutaka kwenda. Anasema hata kama haioni, ataigusa. Atapitisha kidole juu ya glavu na ukucha ataukuta, kwa sababu rangi aliyoiweka pale haizibwi na glavu wala koti. Tunakuja Jumatano ijayo, tarehe 9, siku ambayo ukumbi uko wazi kwa wenye shida. Na sisi ni wenye shida.

La mwisho. Juzi nilikutana na dereva wa mikate. Sikumuuliza kwa ubaya, nilimshukuru tu kwa kupeleka barua. Akasema, "Aa, mdogo wako mkarimu, alinikaribisha chai. Alikuwa na rangi nyeupe sikioni." Nikamuuliza siku gani. Akasema siku ile ile, Jumanne, kabla hajamaliza kushusha mikate.

Huenda amechanganya siku. Watu huchanganya. Redio nayo inasema kutawazwa kulisogezwa mbele wiki mbili, kwa hiyo hata mimi tarehe zimenichanganya. Niambie wewe. Barua yangu uliipata lini?

Dada yako


Karakana ya Picha
Jumamosi, 5 Julai

Dada,

Shikamoo.

Leo ametawazwa, wageni wamejaa kila chumba na naandikia juu ya goti. Tafadhali msije tarehe 9. Ukumbi hautakuwa wazi, nimesikia kuna wageni mwezi mzima. Na ngazi ile si ya mzee wa umri wake. Mlete Agosti, nitakuja kuwapokea mwenyewe kituoni.

Ya barua tutayaongea tukionana.

Kidoti


Nyumbani
Ijumaa, 11 Julai

Kidoti,

Ukumbi ulikuwa wazi. Ulituona tukiingia, kwa hiyo sina haja ya kukueleza umati uliokuwepo, wala yule mama aliyekuwa na bahasha mbele yetu, ambaye alimwinamia yule mtu mwenye shingo ndefu ukutani kabla hajaambiwa. Nakueleza ambayo hukuyaona, maana ulikuwa umesimama mlangoni unakunja kitambaa cha rangi, unakikunjua, unakikunja.

Mfagiaji alitupa ngazi kwa sababu anamkumbuka Baba. Nilimshika kiuno. Alipanda vidato vitatu, akaupeleka uso wake karibu kabisa na glavu ya kulia, karibu kama mtu anayenusa. Nilijua haoni kitu zaidi ya weupe. Kisha akaweka kidole. Alikipitisha taratibu kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole gumba. Akarudia. Akarudia tena, safari hii kwa ukucha wake mwenyewe. Mgongo wake ulikuwa kwenye mikono yangu, na nilisikia alipoacha kupumua.

Halafu akasema kwa sauti, wewe usikie, "Kazi nzuri. Glavu imekaa." Nikageuka nikakuona unashusha mabega. Ulifurahi, Kidoti. Ulidhani umepona. Wakati ule nilikuchukia, nakuandikia hivyo hivyo bila kupunguza.

Kwenye basi tulifika nusu ya njia. Kisha akaniomba mkono. Akakishika kidole gumba, akakipapasa mpaka kwenye ukucha. Akasema, "Ameupiga msasa."

Nikamwambia Baba, labda rangi imezama, labda hukuupata. Akasema amepiga msasa na kupigiwa msasa miaka arobaini, kidole chake hakidanganywi. Pako laini kama sahani. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya.

Leo asubuhi akaniita, akaniambia niandike neno kwa neno. Haya ni yake:

"Kidoti, njoo nyumbani na brashi zako ndogo na kanvasi moja, isizidi upana wa sahani. Dada yako atakaa kitini. Ana mikono ya mama yake, mwenyewe hajui, mimi ndiye ninayejua. Ukucha hana, huo nitakuelekeza. Kadirisha kangu kamebaki kidogo. Utachora, utaniwekea mbele ya jicho, na mimi nitakwambia hapa sivyo, hapa ndivyo. Nikishaacha kuona hakutakuwa na mtu wa kukwambia. Usinieleze habari za msasa. Njoo."

Mimi sina la kuongeza juu ya lake. Langu ni lile lile. Uliipata lini?

Dada yako


Karakana ya Picha
Jumatatu, 14 Julai

Dada,

Shikamoo. Sistahili marahaba.

Niliipata Jumanne. Dereva hakuchanganya. Aliitia mkononi mwangu, nikamkaribisha chai, nikaisoma nimesimama. Niliisoma mara mbili. Glavu nilikuwa nimezianza mkono wa kushoto tu, bila vanishi kwa kuwa siku zilikuwa zimebana, rangi ya kwanza, bado mbichi. Ningechukua kitambaa ningeifuta yote kwa dakika tano. Mkono wa kulia, wenye ukucha, ulikuwa haujaguswa. Nilipanda ngazi nikauangalia. Nilikuwa nimeusafisha miaka kumi na mmoja mfululizo na sikuwahi kuuona.

Nilikunja barua nikaiweka chini ya kopo la tapentaini. Nikakaa. Nilijiambia nitamwendea Katibu nimwombe siku tatu za vanishi. Nilishaupanga na uongo wa kumwambia, kwamba hewa ina unyevu. Jumatano asubuhi akaja mwenyewe. Alisimama pale pale, akaniuliza, "Kuna tatizo lolote?" Nikasema hakuna.

Hilo ndilo nililolifanya, Dada. Mengine yote ni mkono tu. Aliniuliza, nikasema hakuna. Hakunitisha. Hata sauti hakuinua. Wale wawili walikuwa nyuma yake, na nikaona aibu kuomba.

Nilichora glavu ya kulia siku hiyo hiyo bila vanishi. Ukucha ukatokeza. Kwenye weupe ulionekana kama kitu kimeingia ndani ya glavu. Katibu akasema hapo pasawazishwe. Nikachukua msasa. Nilijua ni nini ninachokisugua, usije ukadhani sikujua. Niliposhuka nilikwenda kunawa, na maji kwenye beseni yakawa ya rangi ya kahawia, ile rangi ya ngozi ambayo Baba alikuwa akiichanganya mwenyewe na haambii mtu. Nikayamwaga. Ni mpaka nilipofika mlangoni ndipo nikafikiri nimemwaga nini.

Uso wa mfalme niliupakia vanishi siku tatu. Mama sikumwombea hata moja.

Na Alhamisi, siku moja tu baadaye, likatoka tangazo kwamba sherehe inasogezwa. Redioni walisema maandalizi. Ukweli taji lilimzidi kichwa, lilimshuka mpaka masikioni, likarudishwa kwa fundi kupunguzwa. Wiki mbili, Dada. Siku tatu zilikuwepo na nyingine kumi na moja juu yake.

Siji. Mwambie Baba naumwa, mwambie nimenyimwa ruhusa. Si kwamba sitaki. Nimejaribu hapa na kalamu, kila ninapofumba macho nauona mkono wa mfalme kwenye fimbo. Sina wa Mama. Sikuwahi kuwa naye zaidi ya ule, na kupitia ule nilikuwa namsujudia mwingine. Nikikaa mbele yake na brashi, na jicho lake lile moja linangoja, halafu pasitoke kitu? Na nitamwangaliaje?

Kidoti


Nyumbani
Ijumaa, 18 Julai

Kidoti,

Marahaba. Shikamoo ya mdogo wangu sijawahi kuikataa na sianzi leo.

Sijakusamehe. Hilo lina siku yake na tutaliongea jikoni, mlango umefungwa. Lakini hili haliingojei siku hiyo.

Baba ameniamuru nisogeze meza ya kukatia vitambaa. Kiti changu amekiweka dirishani, upande wa jua la asubuhi, na tangu jana amenikalisha kwa majaribio. Nimeshika mpini wa fagio, kazi za wateja zimelala, na yeye anazunguka na jicho lake moja ananiambia legeza, mama yako hakuwa anakaba. Asubuhi aliniona vidole vyote vitano. Mchana aliona vinne, akasema kimoja kimeenda wapi. Kilikuwepo.

Barua yako sikumsomea yote. Nilimsomea pale Katibu alipokuuliza na ukasema hakuna tatizo. Akasema na yeye ulipokuwa mlangoni na kitambaa chako, alikuwa na la kukuuliza, akaogopa jibu, akasifia glavu.

Habari za kuumwa na kunyimwa ruhusa sikumpa. Asubuhi hii ameniuliza kama umeshapanda basi. Nimemwambia umepanda, la Jumapili, na brashi ndogo umezifunga kwenye shati kuukuu.

Nimeshamdanganya vya kutosha kwa ajili yako. Hili lifanye liwe kweli.

Dada yako